Kumpata mwenza wa kuzamia unaposafiri peke yako

Ndugu yangu, umeuliza utampataje mwenza wa kuzamia chini ya bahari utakapofika Unguja peke yako, ukiwa na cheti cha ngazi ya kwanza tu. Kumpata si kazi. Kazi ni kumpata anayekufaa. Vituo vya kuzamia vya Nungwi na Kendwa, ambavyo hupeleka wageni kwenye miamba ya Mnemba, kwa kawaida huwapanga wawili wawili waliofika bila mwenza, kwa hiyo waandikie mapema ueleze ulizamia lini mara ya mwisho na kwamba cheti chako kinaishia kina cha mita 18, usije ukaunganishwa na mtu mwenye cheti cha mita 30 anayetamani kushuka zaidi.

Mkikutana, zungumzeni kabla boti haijang'oa nanga. Muulize kama hewa yake huisha upesi, kama anapiga picha (mpiga picha, kwa maoni yangu, ni mwenza mgumu, maana macho yake yote yako kwenye kamera), na mkubaliane ishara ya kuonyesha kwamba geji ya hewa imefika baa 100 (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa mtungini). Kisha kagua vifaa vyake naye akague vyako: jaketi la kuelea linajaa hewa, mkanda wa uzito unafunguka kwa mkono mmoja, valvu ya mtungi imefunguliwa, na kipumulio cha akiba kiko mahali unapoweza kukishika hata ukiwa umefumba macho.

Akipuuza ukaguzi huo, mwombe kiongozi wa msafara akubadilishie mwenza au azamie nawe yeye mwenyewe, ingawa huenda ukatozwa zaidi.