Kabla ya MRI, Taja Chuma Ulichobeba Mgongoni

Juzi msomaji mmoja wa Likoni ameniandikia. Ana kipande cha chuma mgongoni tangu ujana, sasa daktari amemwandikia MRI, kile kipimo cha kupiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku kubwa. Aende, asiende? Nimelisoma swali lake mara tatu, maana mtu huyo ni mimi.

Mwaka 2009, kwenye gereji moja Changamwe, mwenzangu alikuwa akigonga patasi kwa nyundo. Mimi nimeinama, nimempa mgongo. Nikahisi kama nyigu kanichoma kiunoni. Tundu dogo, damu kidogo, nikabandika plasta nikarudi kazini. Kumbe cheche ya chuma imebaki ndani.

Mwaka jana mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Nikatumwa MRI. Hospitalini karani alinijazia fomu mwenyewe, na penye swali la chuma mwilini akaweka “hapana” bila kuinua macho. Hilo linaniuma mpaka leo. Nami nilinyamaza, nikidhani wanauliza vyuma vya kuungia mifupa. Nikavua saa, mkanda, pete. Nilipokuwa nafunga gauni, kijana wa eksirei akaliona kovu. “Mzee, hili la nini?” Nilipomweleza, alinishika mkono akanirudisha nyuma, kisha akaufunga ule mlango mzito.

Akaniketisha. Sumaku ile, alisema, huwa haizimwi. Inavuta hata pasipo mgonjwa ndani. Ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) huizidi sumaku ya dunia karibu mara 30,000. Chuma cha nyundo kikiingia humo hutaka kusogea na kujigeuza, na kando ya uti wa mgongo kusogea kidogo tu kunaweza kukata mishipa ya fahamu. Kovu la miaka mingi huenda likakishikilia, lakini nani atakuapia? Si kila kitu huvutwa. Skrubu za titani kwa kawaida hazina neno. Hata kwa aliyepigwa risasi inategemea: ya madini ya risasi na shaba haivutwi, yenye chuma ndani huvutwa.

Eksirei ilikionyesha: punje ya mchele, cheupe pe, ubavuni mwa pingili ya uti wa mgongo. Daktari wa picha akaamua nipigwe CT, picha ya eksirei na kompyuta, isiyotumia sumaku. Ikatosha, diski, ule mto ulio kati ya pingili, ilionekana imetoka mahali pake.

Basi ndugu yangu wa Likoni, sema. Mwambie daktari, mwambie karani, na ukifika mlangoni sema tena. Itisha eksirei kwanza, kisha waache wao wapime hatari. Nanyi mafundi wa kuchomelea na wa grenda, tajeni pia kila kilichowahi kuwarukia machoni, hata kama kilitolewa. Msione haya! Fomu ile ni mwili wako, isome mwenyewe kabla ya kutia sahihi, na usiyejua kusoma mwombe mwanao akusomee neno kwa neno.

Eksirei yangu iko kabatini, ndani ya bahasha ya kaki. Mke wangu anajua ilipo.