Kusikia sauti peke yake hakutoshi kusema ni skizofrenia

Mkuu wa Makambako, umeuliza: mdogo wako aliandikiwa skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo na kushika imani za uongo), sasa hospitali Mbeya wanasema baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), nani kakosea? Huenda hakuna. Mania kali (hisia na nguvu kupanda kupita kiasi) inaweza kuleta sauti, sonona kali (huzuni ya kupitiliza) vilevile. Mgonjwa akifikishwa mapokezi anadai anafuatiliwa, siku ile huwezi kutofautisha. Kinachotofautisha ni miezi.

Jiulizeni hivi: hisia zikishatulia, sauti zinabaki? Kwenye baipola sauti na imani za uongo huja mania au sonona ikipamba moto, kisha huondoka nayo. Tena mara nyingi hufuata hali yenyewe: wa mania kateuliwa waziri, wa sonona anaamini ameangamiza ukoo. Kwenye skizofrenia huendelea bila furaha wala huzuni ya kupitiliza, na mtu anapoa: haogi, haongei, uso hauonyeshi kitu. Kupoa huko ndugu wengi hukuita sonona. Akiwa na vipindi vizito vya hisia, lakini sauti ziliwahi kudumu wiki 2 au zaidi hisia zikiwa shwari, daktari atafikiria skizoafektivu, ugonjwa wenye dalili za pande zote mbili.

Kwa hiyo fungueni daftari. Kila siku: kalala kwa saa ngapi, kaamkaje, sauti zipo? Aliyelala kwa saa 3 tu akaamka na nguvu, saa nane usiku yuko shambani anapalilia viazi huku anapiga simu za biashara, hiyo ni dalili ya mania. Aliyekesha akaamka hoi ni jambo jingine. Bangi na ulanzi (pombe ya mianzi) viandikwe pia, msimfichie. Bangi peke yake inaweza kuleta sauti.

Msipime ugonjwa kwa dawa. Dawa kama haloperidoli na olanzapini hutibu magonjwa yote mawili, kwa hiyo kupata nafuu si ushahidi. Hatari ipo kwingine: mwenye baipola akipewa dawa ya sonona bila ya kutuliza hisia, anaweza kurushwa kwenye mania.

Akianzishiwa lithiamu (dawa ya kutuliza hisia), damu ya kupima kiwango chake ichukuliwe baada ya kupita saa 12 tangu dozi ya mwisho, na figo na tezi ya shingo zipimwe. Akiumwa mgongo asinunue diklofenaki, dawa ya maumivu, duka la dawa. Inaweza kupandisha lithiamu kwenye damu hadi kuwa sumu. Kuhara na kutapika vinaweza kufanya vivyo hivyo. Mkiona mikono inatetemeka sana, anayumba na ulimi mzito, msimpe dozi inayofuata, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Akitamka kujiua pia, msisubiri tarehe ya kliniki.