Baba ana Parkinson, mbona wanataka kumpima mawimbi ya ubongo?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba ana miaka 72, na Parkinson huu mwaka wa 8, kutetemeka tulishazoea ila toka mwaka jana akili yake ndo inanitisha, anaanza stori anaishia katikati, chai anasahau kashakunywa, usiku anasema kuna watoto wamekaa pembeni ya kitanda. Hospitali wameandika apimwe EEG. Jirani kamwambia hicho ni cha wenye kifafa na wanapiga shoti ya umeme, basi mzee kagoma. Kitamsaidia nini? Binti, Moshi.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, najua inavyouma kumwona mzazi anakupotea huku bado yupo.

Mwambie mzee hakuna shoti. EEG haiingizi umeme wowote kichwani, inasikiliza tu ule mdogo ambao ubongo unautoa wenyewe. Wanabandika vidude kichwani kwa jeli, anakaa katulia macho kafumba, kama nusu saa hivi kwisha. Aoshe nywele na asipake mafuta. Kwenye kifafa jirani hajakosea, kinatumika sana huko, ila kazi yake si hiyo peke yake.

Mtu mzima akiwa macho, katulia, kafumba macho, nyuma ya kichwa mawimbi yanapiga kati ya mara 8 na 13 kwa sekunde, ndo yanaitwa alfa. Kwa mgonjwa wa Parkinson ambaye akili imeanza kuchoka ule mdundo unashuka, unafika 7, 6, na mawimbi ya polepole yanazidi. Watafiti wa Mayo Clinic kule Marekani walichapisha mwaka 2011 kwamba wagonjwa waliokutwa na mdundo wa polepole ndio walioingia zaidi kwenye dementia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili, miaka iliyofuata. Tunasema Parkinson ni kupungua kwa dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili, ni kweli, lakini zinakufa pia seli zinazotoa kemikali nyingine, asetilikolini, na hiyo ndo inayobeba umakini na kumbukumbu. James Parkinson mwenyewe alipoandika kuhusu ugonjwa huu mwaka 1817 alisema akili haiguswi, leo tunajua inaguswa, na kwa wengi sana kadiri miaka inavyoenda.

Ila sikiliza hapa mwanangu, EEG peke yake haitoi hukumu. Figo au ini likisumbua mdundo unashuka, dawa zinaushusha, hata kusinzia tu kwenye kiti. Kwa hiyo lazima wampime na kumbukumbu ana kwa ana, wamwambie achore saa, ataje maneno aliyopewa dakika tano nyuma.

Na kabla ya yote nataka ujue anakunywa dawa gani. Kama kuna benzheksoli, wengine wanaijua kama Artane, mwambie daktari wake leo leo. Ni ya bei nafuu, inatuliza kutetemeka, kwa hiyo wazee wengi wanaandikiwa wanakaa nayo miaka, lakini inaizuia hiyo hiyo asetilikolini ambayo tayari imepungua, na mzee anachanganyikiwa, anaona vitu. Nimeona wazee akili inarudi kiasi baada ya kupunguziwa taratibu. Usiikatishe mwenyewe ghafla! Na kwa hao watoto anaowaona asipewe haloperidoli, dawa wanayopewa wanaoona vitu, itamkaza mwili asiweze hata kugeuka kitandani. Akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu tu, sio taratibu kwa miezi, hiyo ni dharura, apimwe mkojo, malaria, na aangaliwe kama anakunywa maji na anapata choo.

Ikionekana kweli ni dementia ya Parkinson ipo dawa inaitwa rivastigimini, haiponyeshi ila kuna wanaopata nafuu ya umakini, muulize daktari.

Usiku usibishane naye kuhusu watoto, washa taa, kaa naye kidogo. Siku ya kipimo beba dawa zake zote kwenye mfuko, hata zile za duka la dawa la mtaani na za mitishamba, mwoneshe daktari moja moja.