Tando za kuchujia majitaka zinaziba kila mara: je, tuongeze klorini?

Swali: Ninasimamia mtambo wa mji unaosafisha majitaka kwa njia ya MBR, yaani bakteria wanaofanya kazi pamoja na tando za nyuzi zilizozamishwa ndani ya tangi. Shinikizo la kufyonza hupanda polepole, kisha ghafla. Tukiosha kwa klorini hushuka, lakini safari hii limepanda mapema zaidi kuliko mwanzo. Je, tuongeze kipimo cha dawa?

Jibu: Nakushauri usiongeze kabla ya kujua ni nini kimeziba. Klorini huyeyusha ute wa bakteria na mabaki mengine ya viumbe hai, lakini haiondoi magamba ya chokaa, ambayo huhitaji asidi ya sitriki, wala haigusi nywele na nyuzi za nguo. Isitoshe, watengenezaji huweka ukomo wa klorini ambayo utando unaweza kuvumilia katika maisha yake yote, na kila kipimo cha ziada kinakula sehemu ya akiba hiyo.

Kupanda kwa ghafla unakokueleza kuna sababu yake. Sehemu moja ya utando inapoziba, pampu huendelea kudai kiasi kilekile cha maji, kwa hiyo sehemu zilizobaki wazi hulazimika kupitisha maji mengi zaidi kwa kila mita ya mraba, nazo huziba kwa kasi kubwa kuliko viputo vya hewa vinavyopulizwa kusugua tando vinavyoweza kuzisafisha. Ndiyo maana kupunguza mtiririko kwa siku kadhaa, au kuongeza muda wa kupumzisha tando kati ya mizunguko, mara nyingi husaidia kuliko dawa.

Kisha inua kaseti moja, yaani fremu inayoshikilia fungu la tando, uikague kwa macho. Ukikuta nywele na nyuzi zimesokotana kama kamba karibu na vichwa vya tando, huku tope limekauka katikati yake, tatizo liko kwenye chekecheke la mwanzo. Tando za nyuzi huhitaji chekecheke lenye matundu ya milimita 1 hadi 2, na matundu ya duara ni bora kuliko mianya mirefu, kwa kuwa unywele hupenya kwenye mwanya kwa urahisi. Kagua pia mipira ya kuziba kingo za chekecheke, maana chekecheke zuri halifai kitu ikiwa majitaka yanapita kando yake.

Kama kaseti ni safi, lichunguze tope lenyewe, yaani mchanganyiko wa bakteria na uchafu ulio ndani ya tangi. Mitambo mingi ya aina hii huendeshwa kwa gramu 8 hadi 12 za tope kwa lita. Likizidi sana huwa zito na hewa haipandi vizuri. Kila wiki mimina mililita 50 za tope hilo kwenye karatasi ya kuchujia, upime kiasi cha maji kinachopita kwa dakika 5. Kikipungua wiki hadi wiki, huenda bakteria wanatoa ute mwingi, mara nyingi kwa sababu tope linatolewa haraka mno au oksijeni haitoshi. Unapolinganisha shinikizo la majuma tofauti, zingatia joto la maji, kwa sababu maji baridi ni mazito kupita hata kwenye utando safi.

Ukifikia kuosha kwa klorini na asidi, suuza kabisa kati ya hatua hizo mbili. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo inaweza kumuua fundi aliye kando ya tangi.