Ukipewa nyumba ya zamani kubomoa Bagamoyo, anza na chaki

Mdogo wangu unayeingia kwenye kazi hii, nyumba haianzi kubomolewa siku greda linapofika. Kabla ya hapo huchomolewa kila kisichobeba uzito: milango, madirisha, dari, nyaya, mabomba, masinki. Faida iko hapo, na haraka ndiyo inayoila. Mlango wa mninga ukitoka mzima na fremu yake hupata mnunuzi. Ukiung'oa kwa mtaimbo fremu ikapasuka, umemchanjia mama lishe kuni.

Mji Mkongwe wa Bagamoyo una sharti lake. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Hata mwenye nyumba akiapa kwamba ni wa babu yake, usiuguse mpaka watu wa Mambo ya Kale wauone na kibali kitoke.

Siku ya kwanza zunguka tu na chaki, ukitia alama cha kutoka na cha kubaki. Hakikisha TANESCO wamekata umeme kwenye nguzo, maana kuzima swichi hakutoshi, na maji yafungwe. Tazama paa. Ukiona yale mabati magumu ya kijivu ya asbesto, usiyavunje wala kuyatupa chini. Vumbi lake huganda mapafuni na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Hiyo ni kazi ya waliofundishwa.

Sasa fremu. Kuta za huku ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ni laini kuliko saruji, kwa hiyo ukiwa na subira fremu inatoka. Kwangua lipu pembeni kwa tindo mpaka uone ilipokamatwa. Ingiza kabari za mbao pande zote mbili, ugonge kwa zamu, kidogo kidogo. Misumari imeliwa na hewa ya chumvi: ukiivuta, kichwa kinakatika na mbao inachanika. Isukume kutoka nyuma, au ikate kwa msumeno wa chuma. Kila kipande kiandike namba, bawaba na skrubu ziingie kwenye mfuko uliofungwa kwenye mlango wake.

Boriti za mikoko ziache. Zinabeba sakafu ya juu, zina siku yake. Na ukuta unaoonekana wa kugawa chumba tu, angalia kwanza kama boriti hazijaukalia.

Nyaya usichome moto. Moshi wa plastiki ni sumu, na kopa, yaani shaba ya ndani, iliyoungua wanunuzi wa vyuma chakavu huishusha bei. Ichune kwa kisu.

Vitu vitakavyotoka ni vya nani? Andikianeni kabla hujagonga msumari wa kwanza. Mwenye nyumba aliyesema "chukua tu hayo matakataka" akikuta milango imepangwa ukutani, imefutwa vumbi, hukumbuka ghafla kwamba alikuwa na mpango nayo.