Chupa ya chai ikawa supu: majibu kwa wanandoa wa siku nyingi

Wiki hii nimechagua maswali ya waliokaa pamoja miaka mingi. Wachumba nawaomba radhi, zamu yenu inakuja.

Nimeolewa miaka 31. Siku hizi nikimsemesha mume wangu haitiki, nikirudia anasema, "Mbona unafoka?" Wenzake wakija kucheza bao anawasikia vizuri tu. Amenichoka? (Mama, Tanga)

Hapo kwenye bao ndipo uliponigusa, mama, maana nimeyapitia. Jioni moja nilimwambia mzee wangu kutoka jikoni, "Nipe hiyo chupa." Akakunja uso: "Supu gani saa hizi?" Tukanuniana hadi asubuhi. Mimi najua ananikejeli, yeye anajua kuna supu amenyimwa.

Kumbe masikio. Umri ukisogea, usikivu huanza kupungua kwenye sauti nyembamba: herufi kama s, f na sh, na mara nyingi sauti za wanawake na watoto. Sauti nzito za wacheza bao bado zinamfikia. Wewe anasikia kwamba unasema, ila neno halishiki, na ukifoka anachokipata vizuri ni ule uso wako. Mchunguze: televisheni anaifungulia sana? Wajukuu wakimuuliza jambo anajibu "ehe, ehe"? Basi mwende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huenda ni nta tu imeziba. Kwa sasa acha kumsemesha ukiwa jikoni naye yuko barazani. Mwite, akugeukie, ndipo useme.

Mke wangu yuko Mwanza kikazi mwaka wa pili. Kila ujumbe ananijibu "Sawa". Ana hasira? (Baba, Dodoma)

Mpigie. "Sawa" ya maandishi haina sauti, unaisoma kwa sauti ya wasiwasi wako. Na usianze na "Nimekosa nini?" Muulize amekula nini.

Tumejenga Kibaha kwa miaka 15. Hati ina jina la mume peke yake. Nikigusia anasema, "Kumbe huniamini?" (Mama wa watoto wanne)

Kwanza ujue unaposimama. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwenye jina kwenye hati kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inakubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali mliyochuma.

Ila hayo usimsomee mezani, atadhani umeshaonana na wakili. Yeye akisikia "hati" anasikia "talaka", nawe akisema "huniamini" unasikia "haikuhusu". Anzia kwa watoto: "Baba Fulani, mmoja wetu akitangulia, hawa watashika karatasi gani?" Hapo mnazungumza mkiwa upande mmoja. Akikwepa mara ya tatu, nenda kaulize msaada wa kisheria, wala usione haya.

Miaka 24 ya ndoa. Juma zima mke wangu anajifunga kanga yenye jina "Japo sipati tamaa sikati". Ananiambia nini? (Asiyelala, Unguja)

Bwana, umemuuliza? Naona hukumuuliza, umeniandikia mimi. Jina la kanga lina raha yake: msemaji amesema na hakusema, akibanwa anajibu "si kanga tu". Lakini kanga nyingine zinaingia kabatini bila kuchaguliwa. Kuna ya arusi ya mpwa, kuna aliyopewa na wifi, kuna iliyobaki dukani. Muulize ukiwa unacheka, "Hii doti umenunua au umepewa?" Akisema kapewa, lala. Akisema kanunua, na akakutazama, basi zima simu, vuta mkeka, na usiondoke mpaka amemaliza.