Mgodi wa Wazi: Mazingira Hulindwa Kwenye Kikao cha Asubuhi

Vijana wengi wanaohitimu masomo ya mazingira na jiolojia hapa Uganda huniuliza wajiandae vipi kwa kazi ya mgodini, na karibu wote hutaka kujua kuhusu sheria, fomu na ripoti. Mambo hayo yana nafasi yake. Mgodi mkubwa hauruhusiwi kuanza kazi nchini bila cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira na jamii kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, na Sheria ya Mazingira ya Taifa ya 2019 pamoja na Sheria ya Madini ya 2022 zinafaa zisomwe zenyewe, si kusimuliwa na wengine. Hata hivyo, nimefanya kazi katika mgodi wa wazi wa makaa ya mawe kusini mwa Tanzania, kisha nikarudi kwetu Tororo kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, na kote huko nimeona jambo lile lile: hali ya kijito kilicho chini ya mgodi huamuliwa na mpangilio wa kazi ndani ya shimo. Udongo upi unaondolewa kwanza, unamwagwa wapi, na mifereji inachimbwa kabla ya mvua au baada yake? Majibu hutolewa asubuhi na mapema, kabla ya zamu kuanza, wakati wasimamizi wamesimama mbele ya ramani ya shimo wakigawana mitambo. Ofisa wa mazingira asiyekuwepo pale hubaki kupima uharibifu uliokwisha kufanyika. Kwa hiyo, siku ya kwanza kazini, kabla ya kuomba kompyuta, omba uruhusiwe kuhudhuria kikao hicho kila siku.

Hapa kwetu hatuchimbi makaa ya mawe, lakini tuna machimbo ya wazi ya mawe ya chokaa Tororo, Hima na Karamoja, tuna fosfeti katika vilima vya Sukulu na dhahabu Busia, na mengi niliyojifunza kwenye makaa ya mawe yanafaa kote huko. Mgodi wa makaa ya mawe ni mwalimu mkali kwa sababu kiasi cha mawe na udongo unaotupwa ni kikubwa kuliko kiasi cha makaa yanayouzwa. Ili kupata tani moja ya makaa, huenda ukalazimika kuondoa meta za ujazo tatu, tano au hata zaidi za mwamba usio na thamani, na mwamba huo ukishalipuliwa huvimba, hivyo meta moja ya ujazo iliyokuwa imetulia ardhini hudai nafasi ya meta 1.3 au zaidi inapomwagwa. Anayesema kwamba kifusi kitarudi chote kwenye shimo kilikotoka hajapiga hesabu hiyo. Kitabaki kilima, na kilima hicho kitaishi muda mrefu kuliko kampuni.

Kilima hicho ndicho ninachotaka ukiogope kuliko kitu kingine chochote mgodini. Tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan huko Wales, lundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe lililokuwa juu ya mlima liliporomoka likafunika shule na nyumba, wakafa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Lundo lile lilikuwa limemwagwa juu ya chemchemi, na watu wa pale walikuwa wamelalamika kabla ya siku hiyo. Asidhani mtu kwamba hayo ni ya mbali. Agosti 2024, hapa Uganda, pembezoni mwa Kampala, jalala la Kiteezi liliporomoka baada ya mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 30. Takataka za mji na mawe ya mgodini si kitu kimoja, lakini kanuni inayoviporomosha ni ile ile: mzigo mkubwa, mteremko mkali, na maji yasiyo na pa kutokea.

Kwa sababu hiyo, kabla ya lori la kwanza kumwaga kifusi, tembea eneo lote kwa miguu wakati wa mvua za Machi hadi Mei, ukiwa na mtu aliyezaliwa pale. Ramani ya kampuni huchorwa mara nyingi wakati wa kiangazi, nayo haionyeshi chemchemi zinazofumka kwa majuma machache tu kisha zikakauka. Wazee na wanawake wanaochota maji wanazijua zote. Kila unapoonyeshwa unyevu, weka alama, na usikubali kifusi kimwagwe hapo mpaka ule unyevu uwe umejengewa njia ya mawe makubwa ya kupitishia maji chini ya lundo. Baada ya hapo simamia mambo matatu bila kuchoka: lundo lijengwe kwa ngazi badala ya kumwagwa kutoka juu kwa mteremko mmoja mrefu, kila ngazi ishindiliwe, na mfereji wa kukinga maji ya mlimani uchimbwe juu ya lundo kabla lundo lenyewe halijaanza kukua. Wasimamizi wa uzalishaji watakwambia mfereji utachimbwa ekskaveta ikipata nafasi. Ekskaveta haipati nafasi kamwe. Hupewa, na hupewa kwenye kikao cha asubuhi.

Suala la maji ndilo zito, na ndipo makaa ya mawe yanapotofautiana na mawe ya chokaa. Kwenye makaa na katika miamba inayoyazunguka mara nyingi huwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye mng'aro wa rangi ya dhahabu. Yakiwa chini ya ardhi bila hewa, hayana madhara. Yakishavunjwa na kupata hewa na maji, hutoa tindikali ya salfa, na tindikali hiyo huyeyusha chuma na metali nyingine na kuzipeleka mtoni. Hapa Uganda tuna somo letu wenyewe. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulioanza uzalishaji mwaka 1956 uliacha Kasese lundo kubwa la pairaiti yenye kobalti, na kwa miaka mingi mvua ziliosha tindikali na metali kutoka kwenye lundo hilo kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth, zikaacha ukanda wa ardhi usioota majani. Kazi ya kulisafisha lundo hilo ili kupata kobalti ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya miaka mingi ya uharibifu. Juu kidogo bondeni, Mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013 na tena 2020, ulibomoa kingo na kubeba mabaki ya mgodi yaliyokuwa yamerundikwa kando yake. Ninaitaja Kilembe kila ninapozungumza na wahandisi vijana, kwa maana shimo lilinyamaza miongo mingi iliyopita, na maji bado hayajamaliza kudai.

Kipimo cha pH, kinachoonyesha ukali wa tindikali katika maji, ni lazima uwe nacho, lakini jizoeze pia kusoma mawe. Pita kwenye mfereji unaotoka chini ya lundo kila juma, uinue mawe mawili au matatu, uyaangalie ubavuni. Utando wa rangi ya machungwa ukianza kushika mawe ambayo mwezi uliopita yalikuwa meusi, na vijidudu vidogo vinavyojificha chini ya mawe vikawa havionekani tena, tayari una habari, hata kama mtungi wa sampuli bado uko njiani kwenda maabara. Dawa ya haraka ni chokaa, inayopunguza ukali wa tindikali na kufanya chuma kijitenge na maji kwenye bwawa la kutulizia tope. Dawa ya kweli ni kupanga uchimbaji ili mwamba wenye pairaiti utambuliwe kwenye sampuli za kuchoronga kabla haujalipuliwa, upelekwe peke yake, na ufunikwe mapema kwa udongo wa mfinyanzi unaozuia hewa na maji. Mwanajiolojia anazo takwimu hizo kwenye jedwali lake. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba dereva wa lori anajua mzigo alioubeba ni wa aina gani na unakwenda wapi. Tulipaka rangi vigingi vya sehemu za kumwagia, kila aina ya mwamba na rangi yake, na hatua hiyo ndogo ilisaidia kuliko barua zote nilizowahi kuandika.

Makaa yenyewe yana tabia moja ambayo anayetoka kwenye machimbo ya chokaa haitarajii, nayo ni kujichoma bila kuwashwa na mtu. Makaa yaliyorundikwa huvuta oksijeni polepole na kutoa joto. Joto lisipopata njia ya kutoka, huongezeka, na likishapita nyuzi 60 au 70 za selsiasi huanza kupanda kwa kasi. Lundo likimwagwa kutoka juu, mabonge makubwa hubiringika hadi chini na kuacha matundu, hewa ikaingia kwenye nyayo za lundo na kupanda ndani yake. Mchoma mkaa yeyote wa Nakasongola angekueleza jambo hili vizuri, kwa kuwa huziba tanuru lake kwa udongo akijua kwamba pakiingia hewa hatapata mkaa bali majivu. Nenda kwenye lundo alfajiri, hewa ikiwa ya baridi. Ukiona mvuke mwembamba umesimama mahali pamoja tu, na ukisikia harufu inayofanana na ya mafuta ya taa au lami, ingiza fimbo ya kupimia joto hapo hapo. Opereta mmoja mzee wa tingatinga aliniambia, "Kijana, lundo likitoa jasho asubuhi, usingoje jua likufichie." Jua likichomoza, mvuke hauonekani tena, na watu hudhani tatizo limekwisha.

Pakishapata moto, usiharakishe kumwagia maji juu. Maji machache hupoza ngozi ya lundo na kuacha moyo wake ukiwaka, na unyevu wenyewe huweza kuongeza joto. Sehemu iliyopata joto ichimbwe, itandazwe kwa tabaka jembamba mpaka ipoe, kisha ishindiliwe upya, huku wafanyakazi wakikaa upande unakotoka upepo kwa sababu ya gesi ya sumu. La busara zaidi ni kutorundika makaa mengi kuliko yanayoweza kuuzwa kwa wakati, na yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka.

Kuhusu vumbi sitasema mengi, kwa kuwa kila mtu analijua. Boza la maji lipite mara nyingi kwa maji kidogo, maana barabara iliyoloweshwa kupita kiasi huteleza, na lori lililosheheni likiteleza kwenye mteremko ni msiba. Tuta la pembeni mwa barabara liwe na kimo kisichopungua nusu ya kimo cha tairi la lori kubwa kuliko yote. Maji ya kumwagia yanaweza kutoka kwenye dimbwi la chini ya shimo, ila yapimwe kwanza, kwani kunyunyiza maji ya tindikali barabarani ni kuyasambaza mahali ambapo mvua itayaokota.

Ninayempenda zaidi katika kazi hii yote ni udongo wa juu, ule wa sentimita 20 au 30 wenye mizizi, mbegu na minyoo. Uondolewe peke yake, wakati haujalowa, kabla ya kitu kingine chochote kuguswa, na urundikwe kwa kimo kisichozidi meta 2 au 3, kwa sababu ukirundikwa juu zaidi, sehemu ya ndani hukosa hewa na viumbe vyake hufa. Chimbua kwa mkono lundo lililokaa mwaka mmoja: udongo ulio hai hunukia kama shamba baada ya mvua ya kwanza, na uliokufa hunuka kama tope la bwawa. Bora zaidi ni kutourundika kabisa, bali kuuchukua kutoka mbele ya shimo na kuutandaza siku hiyo hiyo kwenye kilima kilichokwisha kusawazishwa nyuma yake. Kwa njia hiyo urejeshaji wa ardhi unakwenda sambamba na uchimbaji, na gharama yake inalipwa wakati mgodi bado una fedha. Kampuni inayoahidi kurejesha kila kitu mwaka wa mwisho inaahidi kwa niaba ya mameneja ambao hawatakuwepo.

Jambo la mwisho lifanyike kabla ya mlipuko wa kwanza. Karibu na machimbo fulani hapa mashariki, mama mmoja alinionyesha ukuta wa nyumba yake akaniuliza, "Mwanangu, ufa huu ulikuwepo kabla yenu au mmeuleta nyinyi?" Hapakuwa na mtu aliyeweza kumjibu, kwa kuwa hakuna aliyeukagua ukuta ule kabla baruti hazijaanza, na maneno ya upande mmoja yakabaki dhidi ya maneno ya upande wa pili. Kwa hiyo pita nyumba kwa nyumba pamoja na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, piga picha za kila ukuta zenye tarehe, pima kina na ladha ya maji ya kila kisima wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, na andika yote kwa lugha wanayoisoma wenye nyumba. Kila karatasi iwe na nakala tatu zilizotiwa saini: moja ya kampuni, moja ya LC1, na moja ibaki na mwenye nyumba mwenyewe.